Fundi wa Programu, Soko la Simu na Amana ya Watu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu msomaji, katika simu uliyonayo mkononi mna soko. Soko hilo halina kuta wala milango, wala huwasikii wachuuzi wakinadi, lakini humo huuzwa na kununuliwa usiku na mchana, na ni chache leo nyumba za pwani yetu zisizokuwa na mtu aingiaye humo. Bidhaa zake ni programu: hii ya kupigia hesabu, hii ya kupelekeana salamu, hii ya michezo ya watoto, na hii ya kukujulisha vipindi vya sala na upande wa kibla. Wewe hubonyeza mara moja ukapata ulichokitaka, na mara nyingi hutoi hata senti. Leo napenda tuzungumze juu ya mtu usiyemuona katika soko hilo, naye ni yule fundi aliyekaa akaitengeneza programu yako. Anapata nini? Anakatwa nini? Na shetani humjia kwa mlango gani?

Huenda ukasema: sheikh na mambo ya simu wapi na wapi? Jawabu yangu ni kuwa fiqhi ya biashara haikuwekwa kwa ajili ya tende na ngano peke yake. Kila penye muuzaji, mnunuzi na dalali, sharia ina neno la kusema. Tena jambo hili mimi sikulifuata, bali lililetwa kwangu. Kijana mmoja niliyemsomesha Safina utotoni, ambaye leo ni mtu mzima mwenye mke na watoto, alinijia na swali. Kabla sijamjibu nilimtaka anieleze kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho, kwani wanavyuoni wetu wametufunza kuwa huwezi kukihukumu kitu ambacho hujakielewa. Mengi katika utakayoyasoma hapa asili yake ni maelezo yake.

Soko kubwa la namna hii lilifunguliwa na kampuni ya Apple ya Marekani tarehe 10 Julai 2008, likiwa na programu 500. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Google nayo ikafungua la kwake, ambalo tangu Machi 2012 laitwa Google Play. Kabla ya hapo fundi aliyekaa peke yake nyumbani hakuwa na njia nyepesi ya kufikisha kazi yake kwa watu wa nchi za mbali. Masoko haya yalimfungulia njia. Apple waliweka ada ya dola 99 kila mwaka, na Google dola 25 za kulipwa mara moja tu. Mnunuzi akilipa, mwenye soko alikuwa akikata asilimia 30, na 70 zilizobaki humwendea fundi. Mwaka 2021 makampuni yote mawili yaliteremsha fungu lao hadi asilimia 15 kwa mafundi wadogo: Apple kwa wale ambao mapato yao ya mwaka hayapiti dola milioni moja, na Google kwa dola milioni moja za mwanzo za kila mwaka. Basi programu ikiuzwa shilingi 100, fundi mdogo ambaye zamani alibakiwa na 70, akawa abakiwa na 85, kabla ya kodi za serikali.

Swali la kwanza la kijana wangu lilikuwa: je, hiki akitwaacho mwenye soko ni halali? Nilimwambia kuwa asili ya jambo hili si ngeni kwetu. Mvuvi akifika pwani na samaki wake humpa dalali anadi, na dalali hutwaa chake. Chombo kikirudi baharini, mwenye chombo hupata fungu la chombo chake hata kama yeye hakuvuta mshipi. Imamu Bukhari ameweka katika Sahihi yake mlango mzima wa ujira wa dalali, na humo ametaja kuwa Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya katika ujira huo. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hushikilia sana kuwa ujira ujulikane kabla ya kazi, na wako wengine, hasa wa Kihanbali, waliojuzisha uwe ni fungu katika mapato. Haya ya soko la simu yametangazwa, na fundi huyajua kabla hajaweka bidhaa yake. Mwenye soko naye afanya kazi: huikagua bidhaa, huionyesha kwa watu, hupokea pesa za nchi nyingi na kuzifikisha kwa mwenyewe. Masharti yakiwa wazi na hapana hadaa, mimi sioni uharamu.

Lakini halali ni kitu, na uadilifu uliotimia ni kitu kingine. Dalali mmoja kati ya madalali wengi si sawa na dalali aliyeshika njia zote za mji, hata bidhaa isiweze kupita ila mlangoni kwake. Hiyo ndiyo hoja ya mafundi wengi duniani, na imefika mbele ya mahakimu. Agosti 2020 kampuni ya michezo ya Epic Games iliweka katika mchezo wake uitwao Fortnite njia yake yenyewe ya kupokea malipo. Apple wakautoa mchezo huo sokoni siku hiyohiyo, na kesi ikaanza. Ulaya nako, tangu Machi 2024, sheria ya Umoja wa Ulaya iliwalazimisha Apple kuruhusu masoko mengine katika simu zao. Nimeyataja haya ili ujue kuwa fundi anaponung'unika si lazima awe na choyo. Hata hivyo, kijana wangu aliniambia neno lililonishangaza: kuwa fungu la mwenye soko silo linalomuumiza. Linalomuumiza ni sisi wanunuzi.

Sikiliza kisa chake. Alitengeneza programu ya kuonyesha mambo mawili kwa watu wa mwambao: vipindi vya sala, na maji ya bahari, yaani saa za kujaa na kupwa, na siku za bamvua na za maji mafu. Mvuvi ayahitaji yote mawili. Kazi hiyo ilimchukua karibu mwaka mzima, usiku baada ya usiku, kwani mchana yuko dukani akitengeneza kompyuta za watu. Ikisha kumalizika, kazi haikwisha. Kila mwaka simu mpya hutoka na masharti ya soko hubadilika, na programu isiyotunzwa huharibika kama mtumbwi ulioachwa juani. Aliiuza kwa shilingi 150. Mwezi wa kwanza waliinunua watu 31. Waliobaki walimwandikia maneno, na neno lililomkata maini ni lile la waliosema: "Wewe Mwislamu, vipi wauza dini?"

Hapa, ndugu msomaji, napenda tusimame kidogo. Hakuuza dini. Aliuza mwaka wa usiku wake, macho yake na elimu yake ya hesabu. Hata katika kusomesha Kurani yenyewe, Imamu Shafi na wengi miongoni mwa wanavyuoni wamejuzisha ujira. Na katika Sahihi Bukhari mna kisa cha masahaba waliomsomea Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu, wakapewa kondoo, na Mtume (S.A.W.) akaliridhia jambo lile. Tena imepokewa kutoka kwake kuwa mtenda kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sisi twamlipa aliyejenga msikiti, twamlipa aliyepiga chapa msahafu, twamlipa fundi aliyeshona kanzu tunayosalia. Hapana hata mmoja katika hao tunayemwambia kuwa auza dini. Mbona basi huyu wa simu, kwa kuwa kazi yake haishikiki kwa mkono, twaiona ni haki yetu kuitwaa bure?

Alipoona haiuziki, marafiki zake walimpa shauri la kwanza: anunue sifa. Wako watu ambao kazi yao ni kuuza nyota na maneno mazuri. Wakilipwa, huisifu programu ambayo hawajapata kuitumia, ili mgeni akipita aone watu wamejaa. Nilimwambia kuwa hili tunalo katika vitabu vyetu tangu zamani, na jina lake ni najshi: mtu kuongeza bei mnadani naye hana nia ya kununua, apate kumghuri mwengine. Mtume (S.A.W.) amelikataza. Mnada umehama kutoka uwanjani ukaingia katika simu, lakini najshi ni ileile.

Wala usidhani kuwa watu hawawezi kudanganywa na sura ya kitu. Agosti 2008, soko la Apple likiwa halijatimiza miezi miwili, Mjerumani mmoja aitwaye Armin Heinrich aliweka humo programu aliyoiita I Am Rich, yaani mimi ni tajiri. Bei yake ilikuwa dola 999.99, na kazi yake ni kuonyesha picha ya kito chekundu, basi. Apple waliitoa siku iliyofuata, lakini watu wanane walikwisha inunua. Tazama ajabu ya mwanadamu: hutoa dola elfu kwa kujifaharisha na kito kisichokuwapo, na akaona uzito kutoa shilingi mia na hamsini kwa kitu kimfaacho kila siku mara tano.

Watu walipokataa kununua, bei katika masoko hayo zilishuka hadi dola moja, kisha zikashuka hadi bure. Tangu Oktoba 2009 Apple waliruhusu programu itolewayo bure iuze vitu ndani yake, na njia hiyo ikaenea. Lakini fundi hali bure, wala wanawe hawasomi bure. Pesa ambazo hakuzipata kwa mnunuzi hana budi kuzitafuta kwengine, na huko kwengine ndiko kwenye hatari. Mwengine hutia matangazo ya biashara, na matangazo hayo hayachagui: katikati ya vipindi vya sala likatokea tangazo la kamari. Na matangazo yasipotosha, huja mtu wa tatu.

Huyo wa tatu ndiye aliyemleta kijana wangu kwangu. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ambo alimwandikia kuwa ampe programu yake bure kila mtu, kisha atie ndani yake kipande kidogo alichokwisha andikiwa. Kipande hicho kitapeleka kimyakimya habari za mahali alipo kila mwenye simu, na fundi atalipwa kila mwezi kwa hesabu ya watu. Programu ya sala na ya maji haina budi kujua ulipo ili ikupe saa zilizo sahihi, kwa hivyo hapana atakayeshangaa ikiomba ruhusa. Kijana akaniambia: "Maalim, hawataki majina. Wataka mahali tu. Nami nina karo za watoto."

Nilimuuliza: "Baba yako alikuwa mvuvi. Alipata kumwonyesha mtu mwamba wake wa samaki?" Akacheka, akasema kuwa hata ndugu yake baba mmoja mama mmoja hakumwonyesha. Nikamwambia: "Basi huyu ataka umuuzie miamba ya wavuvi wote, na milango ya nyumba zao, na misikiti wanayosali, na hospitali wanayopeleka wake zao. Ukijua mtu alala wapi na asali wapi, una haja gani ya jina lake?"

Ndugu msomaji, usione kuwa haya ni hofu za mzee. Novemba 2020 waandishi wa habari wa Motherboard huko Marekani walieleza kuwa Muslim Pro, programu mashuhuri ya vipindi vya sala iliyokuwa imeingizwa katika simu zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kuwa X-Mode iliuza habari za namna hiyo kwa makandarasi ambao kwa njia yao zilifika katika jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kuwa waliliuzia jeshi, wakatangaza kukata uhusiano wao na X-Mode. Desemba mwaka huo Apple na Google waliwaamuru mafundi wakiondoe kipande cha X-Mode katika programu zao. Na Januari 2024 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za wanunuzi ilitangaza amri ya kuizuia kampuni hiyo, ambayo ilikwisha badili jina, isiuze habari za mahali pa siri za watu, kama hospitali na nyumba za ibada. Fikiri: mtu ainuka alfajiri kutafuta kibla, na simu yake yamtangaza kwa asiowajua.

Hukumu ya jambo hili haina giza. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye nafaka akasema kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile mbichi juu watu waione, akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Zingatia kuwa kosa la mtu yule halikuwa kuuza nafaka iliyolowa, bali kuificha. Programu ambayo juu yake ni vipindi vya sala na ndani yake ni kipande cha kupeleleza watu ni chungu ileile. Juu ya hayo kuna khiyana ya amana, kwani mwenye simu alitoa ruhusa ya kujulikana alipo kwa ajili ya sala yake, hakuitoa kwa ajili ya biashara ya mtu mwengine.

Akaniambia: "Maalim, nikikataa mimi atakubali mwengine." Nikamwambia: "Akikubali yeye, ataulizwa yeye." Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaenda zake. Baada ya siku mbili alinipa habari kuwa amekataa. Sikwambii kuwa baada ya hapo mlango wa riziki ulimfunguka kwa ajabu. Programu yake bado yauzwa, sasa kwa shilingi 100, wanunuzi wake ni wachache, na mchana yuko dukani akitengeneza kompyuta. Alichobakiwa nacho ni kuwa akisimama katika safu msikitini, hapana mtu kulia kwake wala kushoto kwake ambaye amemuuza.

Wala si katika umati wetu peke yake wanapopatikana watu wa dhamiri. Huko Hanoi, Vietnam, fundi mmoja aitwaye Dong Nguyen, akifanya kazi peke yake, aliweka sokoni Mei 2013 mchezo uitwao Flappy Bird. Ilipofika Januari 2014 ulikuwa umeenea dunia nzima, na magazeti yaliandika kuwa matangazo yalimletea kama dola 50,000 kwa siku. Februari 2014 aliutoa sokoni kwa hiari yake. Alieleza kuwa aliutengeneza uchezwe dakika chache mtu apumzike, na watu wameugeuza ulevi. Mtu yule alikuwa na mto wa pesa mbele ya mlango wake, akaufunga kwa mkono wake kwa sababu aliona wanaozama. Hekima tuitwae popote tuikutapo.

Basi nina maneno mawili, moja kwa mafundi na moja kwa watu wa nyumba.

Enyi vijana wetu mliofunzwa kazi hii, jueni kuwa mmeshika milango ya nyumba za watu. Wekeni bei yenu waziwazi wala msione haya, kwani kuomba haki yako kwa uwazi ni bora kuliko kuitwaa kwa siri. Msinunue sifa. Msiombe ruhusa msiyoihitaji, na mkiomba, mseme ni ya nini. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu 2019, na Tanzania tangu 2022. Lakini Mwislamu hangoji polisi ndipo achunge amana.

Nanyi baba na mama, kabla hamjaingiza kitu katika simu zenu au za watoto, ulizeni: aliyekitengeneza ala nini? Mkiona jawabu, na jawabu ni bei iliyo wazi, mmejua mnalolipa. Mkikosa jawabu, huenda bidhaa ni nyinyi. Tazameni katika simu ni programu zipi mlizozipa ruhusa ya kujua mlipo, na zile zisizokuwa na haja nayo mziondolee ruhusa hiyo. Kazi yenyewe haizidi dakika chache, na kama hamwezi, mwambieni kijana wenu awafanyie. Na mkimpata fundi mwaminifu aliyetengeneza kitu cha kuwafaa, mlipeni shilingi zake mia. Mnaponunua kwake mwamsaidia asilazimike kuwauza. Tukiwanyima waaminifu haki yao, tusistaajabu tukija kukuta soko limebaki na wasiokuwa waaminifu peke yao, nasi tutakuwa tumesaidia kulifikisha hapo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atutilie baraka katika kidogo tupatacho, azilinde siri za nyumba zetu, na awape vijana wetu moyo wa kuchunga amana hata pale ambapo hapana macho ya mtu. Amin. Wabillahi taufiq.